Jumapili usiku kifua kinabana: mje, au msubiri Jumatatu?

"Shikamoo dokta. Mzee kifua kilimbana tangu juzi jioni, ila ilikuwa wikiendi, tukaona bora tumlete leo mabingwa wakiwepo."

Maneno ya namna hii nayasikia sana Jumatatu asubuhi. Anayesema huwa mtoto wa mgonjwa au mkewe, amekuja na daftari la kliniki na kadi ya bima, na ukimsikiliza unaona hakuzembea hata kidogo. Alikaa na wenzake wakafikiri, wakapiga hesabu. Hesabu yenyewe ndiyo iliyokwenda kombo, na leo nataka tuipige upya.

Nianze pale alipo na haki. Ni kweli kwamba hospitali ya Jumapili usiku haifanani na ya Jumanne asubuhi. Usiku kuna daktari wa zamu, wauguzi wachache, mtu mmoja maabara, na bingwa yuko kwake Nyegezi au Buhongwa, hapa Mwanza, akisubiri simu. Hali hii ipo dunia nzima, na imeshapimwa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 231,000 waliolazwa kwa mshtuko wa moyo katika jimbo la New Jersey kati ya 1987 na 2002. Katika miaka ya mwisho ya kipindi hicho, waliolazwa wikiendi walikufa asilimia 12.9 ndani ya siku 30, na waliolazwa siku za kazi asilimia 12.0. Walipochunguza sababu wakakuta kwamba wa wikiendi hawakuzibuliwa mishipa upesi kama wenzao. Ukiiondoa tofauti hiyo ya matibabu, wikiendi yenyewe haikuwa na kosa.

Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa hakubuni. Ila tazama ukubwa wa kitu anachokikimbia: pungufu ya mtu mmoja katika kila mia. Sasa tuweke kwenye mizani kile anachokifuata kwa kusubiri.

Mshtuko wa moyo hutokea bonge la damu linapoziba mmoja wa mishipa inayolisha moyo wenyewe. Sehemu ya msuli iliyokosa damu huanza kufa baada ya dakika 20 hivi, ikianzia tabaka la ndani na kusogea nje. Zikipita saa 6, sehemu kubwa ya kilichokuwa kinaweza kuokolewa imekwisha kufa, na msuli wa moyo uliokufa haurudi. Mahali pake hubaki kovu lisilosukuma damu. Mgonjwa anayekuja Jumatatu na maumivu ya Jumamosi mara nyingi haniletei tena mshtuko wa moyo. Ananiletea moyo uliochoka, miguu imevimba, halali chali, na hapo matibabu ni ya maisha yake yote.

Mwaka 1986 Waitaliano walijaribu streptokinasi, dawa ya kuyeyusha bonge la damu inayopitishwa kwenye dripu kwa saa moja, kwa wagonjwa zaidi ya 11,000. Waliopewa ndani ya saa ya kwanza tangu maumivu yaanze, vifo vilipungua kwa karibu nusu. Waliopewa baada ya saa 6, faida haikuonekana. Tafiti za baadaye zilisogeza ukomo hadi saa 12, lakini kwa faida ndogo zaidi. Miaka miwili baada ya Waitaliano, utafiti mwingine mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 17,000 ulionyesha kwamba aspirini peke yake, kidonge cha bei ya karanga, hupunguza vifo kwa asilimia 23. Ikiunganishwa na streptokinasi vinapungua kwa asilimia 42.

Hapo ndipo hesabu ya kusubiri inapovunjika. Mtu anakwepa hasara ya mmoja katika mia, halafu kwa mikono yake anaitupa dawa ambayo ingepunguza hatari ya kifo kwa karibu nusu.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani ni la maana zaidi kwetu huku Kanda ya Ziwa. Njia za kuuzibua mshipa ni mbili. Ya kwanza ni ya tundu dogo: mrija mwembamba unapitishwa kwenye mshipa wa mkono au paja hadi kwenye moyo, linapulizwa puto dogo, inawekwa stenti, yaani kibomba cha wavu kinachouacha mshipa wazi. Ikifanyika mapema ndiyo bora, ila inataka mtambo, bingwa, muuguzi na fundi, wote wakiwa wameamka. Njia ya pili ni hiyo dawa ya kuyeyusha. Marekani walilinganisha njia hizi mbili kwa saa za kazi na nje ya saa za kazi, wagonjwa zaidi ya 100,000 kati ya 1999 na 2002. Kwa njia ya tundu dogo, muda tangu mgonjwa aingie mlangoni hadi mshipa uzibuliwe ulikuwa wastani wa dakika 95 saa za kazi, na 116 usiku na wikiendi. Kwa dawa ya kuyeyusha ulikuwa dakika 33 mchana, 34 usiku. Yaani dawa haijui Jumapili. Anayeitundika ni muuguzi aliyeko zamu, na muuguzi yupo saa zote.

Ndiyo maana nabishana na wenzangu wanaotaka kila mgonjwa wa namna hii asafirishwe kwanza, dawa ifuate huko aendako. Kama mtambo uko mbali kiasi kwamba mshipa hautazibuliwa ndani ya saa 2 tangu ECG, kipimo cha umeme wa moyo, isomwe, dawa itolewe hapo hapo iliposomwa, kisha safari. Dawa hii ina hatari zake: inaweza kuvujisha damu kwenye ubongo, kama mtu mmoja katika mia au chini ya hapo, na haipewi aliyepata kiharusi karibuni, anayevuja damu au ambaye presha imegoma kushuka. Hayo ni maswali ya dakika tano. Anayesita apige picha ECG aitume kwa bingwa kwa simu. Mimi binafsi afadhali niamshwe saa 9 usiku kwa picha hiyo kuliko nimkute mgonjwa saa 2 asubuhi, wakati msuli umekwisha kufa.

Na sisi mabingwa tusijione sana. Kuna utafiti wa mwaka 2015 wa huko huko Marekani uliotazama siku ambazo madaktari wa moyo wako kwenye mikutano yao mikubwa ya kitaifa. Wagonjwa wa mshtuko wa moyo kwenye hospitali za kufundishia hawakufa zaidi siku hizo, ingawa waliowekewa stenti walikuwa wachache. Waliokuwa na moyo uliochoka sana walikufa wachache kuliko kawaida! Sababu inajadiliwa bado. Naitaja tu kwa ajili ya wale wanaoamini kwamba bila bingwa mlangoni hakuna hospitali.

Wiki ina saa 168. Saa za kazi ni kama 40. Hata bila takwimu yoyote, moyo ukiamua kugoma, uwezekano mkubwa ni kwamba utagoma wakati ofisi zimefungwa. Saa ambazo moyo hupenda zaidi kugoma zinajulikana tangu miaka ya 1980: kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 mchana, wakati mwili unapoamka, presha inapanda, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinakuwa nyepesi kugandamana. Mvuvi wa dagaa anayeburuta mtumbwi ufukweni alfajiri baada ya kukesha ziwani yumo katika saa hizo hizo.

Huyo mvuvi, au mama anayewahi soko la samaki la Mwaloni kununua mzigo, muda wake mwingi haupotelei hospitalini. Unapotea kabla. Kwanza ni kiungulia, halafu ni vidonda vya tumbo, jirani anasema ni gesi, duka la dawa linatoa omeprazoli, na kama maumivu yamegoma kuna atakayenong'ona kwamba ametupiwa. Kisha zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kila mahali foleni na barua ya rufaa. Kwa mshtuko wa moyo ngazi hii ni ndefu mno. Nendeni moja kwa moja penye mashine ya ECG na daktari wa usiku.

Jiografia nayo ina neno lake. Tangu Juni 2025 anayetoka Sengerema au Geita anavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, na wala haulizi tena kama kivuko kimeshalala. Aliyeko visiwa vya Ukara au Irugwa bado anategemea chombo cha majini, na usiku chombo ni bahati. Mama mjamzito akizidiwa, kuna mfumo wa m-mama: unapiga 115 bure, unatafutiwa usafiri. Kwa mwanaume wa miaka 55 anayetoka jasho la baridi huku akishika kifua, ndugu ndio watafute bodaboda, bajaji au boti. Sioni kwa nini mfumo ule ule usipanuliwe.

Kwa hiyo mkiwa nyumbani na mtu mzima anabanwa kifuani kwa zaidi ya dakika 15, kama anakandamizwa, maumivu yanapanda taya au kushuka mkononi, anatoka jasho, anataka kutapika, msingoje kukuche. Wazee, wanawake na wenye kisukari wakati mwingine hawaumwi kifua kabisa. Wanakosa pumzi na kuishiwa nguvu ghafla. Kama hana mzio wa aspirini, havuji damu, wala upande mmoja wa mwili haujalegea, atafune aspirini ya miligramu 300 mkiwa njiani. Atafune, asimeze nzima. Asiendeshe gari mwenyewe, na asipande ngazi kwa miguu.

Dirishani msianze na historia ya presha ya mwaka juzi. Semeni "kifua", semeni saa kilipoanza, ombeni ECG. Inatakiwa ifanyike ndani ya dakika 10 tangu afike. Na mjue kwamba ECG ya kwanza inaweza kutoka safi, na troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia, huchukua saa kadhaa kupanda kwenye damu, kwa hiyo aliyewahi sana ndiye rahisi kuambiwa hana kitu. Mkiruhusiwa kuondoka na maumivu bado yapo, kaeni pale pale kwenye benchi, muombe vipimo virudiwe.