Unataka Kumfadhili Kijana Mwanariadha? Anzia kwa Mhasibu wa Shule

Robert Katende alipoanza kuwafundisha watoto wa Katwe sataranji, wengi hawakuvutwa na ubao wala kete zake. Walivutwa na uji. Shirika la Kikristo la michezo lilikuwa limempeleka kufundisha soka katika mtaa huo wa Kampala. Akaona wapo watoto wanaokaa pembeni, mpira hawautaki, akawaletea mchezo mwingine na kikombe cha uji juu yake. Phiona Mutesi alifika hapo akimfuata kaka yake, njaa ikimuuma. Mwaka 2010 alikuwa Khanty-Mansiysk, Urusi, akiichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji.

Kisa hiki huwasimulia wanaonipigia simu wakitaka kufadhili vipaji. Kazi yangu ni kuwafundisha walimu wa michezo na makocha namna ya kuwalea vijana, na simu hizo huja kwa msimu, kama mvua. Mganda mwenzetu Joshua Cheptegei aliposhinda dhahabu ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, mfanyabiashara mmoja wa Mbale aliniomba nimtafutie "Cheptegei mdogo" amnunulie spaiki.

Nilimwambia spaiki zinaweza kungoja. Mtoto wa Kapchorwa au Bukwo, wilaya zinakotoka wakimbiaji wetu wengi, hapotei kwa kukosa viatu mwaka huu. Hupotea anaporudishwa nyumbani muhula wa pili kwa sababu ya deni.

Msomaji atasema elimu ni bure. Ni kweli, mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulianza mwaka 1997 na wa sekondari mwaka 2007. Lakini chakula cha mchana, sare, daftari, na bweni kwa anayetoka mbali, havikulipiwa na mpango huo. Na kwa mwanamichezo, kukosa shule si kukosa masomo tu. Mashindano ya shule ndiyo ngazi yetu: shule, wilaya, taifa, kisha michezo ya shule za Afrika Mashariki. Aliyeko nyumbani akichunga ng'ombe wakati wenzake wanakimbia ngazi ya wilaya, hata akiwa na mbio kama swala, nani atamwona?

Zipo shule zinazotoa nafasi za bure kwa wachezaji, na zimesaidia wengi. Tatizo ni masharti yasiyosemwa. Nilimjua kijana wa kidato cha tatu aliyepewa nafasi kwa sababu ya mguu wake wa kushoto. Goti lilipoharibika kabla ya mashindano, nafasi ikaisha. Muhula uliofuata alikuta godoro lake lina mtu mwingine. Hakuna aliyevunja ahadi, maana hakuna ahadi iliyokuwa imeandikwa.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, nitakutuma kwa mhasibu wa shule. Ada ilipe katika akaunti ya shule, si mkononi mwa kocha, hata awe rafiki yako wa kanisani. Risiti zitunze. Omba ripoti ya masomo kila muhula. Kisha andikeni karatasi moja, wewe, mzazi na mwalimu mkuu, inayosema utalipa hadi mtihani wa kidato cha nne, ashinde, ashindwe, aumie au aache michezo. Kama kipengele hicho cha mwisho kinakukwaza, basi ulikuja kununua medali. Mtoto hukumjia.

Serikali huwapa wenye medali za Olimpiki posho ya kila mwezi (ya fedha, si ile ya unga tunayokula na maharage). Polisi, Magereza na jeshi huajiri wanariadha, na bila wao tusingefika mbali. Stephen Kiprotich, bingwa wa marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012, ni mtu wa Magereza. Lakini ajira humngoja kijana akue, na posho humngoja ashinde. Kati ya miaka 12 na 18 yupo peke yake na mama yake, na mama ana wengine sita.

Mfadhili na mlezi ni watu wawili, na ningependa wabaki wawili. John Akii-Bua, mkimbiaji wetu wa zamani wa viunzi, alipata mshahara wake polisi, lakini jicho lilikuwa la kocha Malcolm Arnold, aliyemtoa kwenye viunzi vya mita 110 akamwingiza kwenye mita 400. Katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, akiwa njia ya kwanza ambayo wakimbiaji huikimbia kwa manung'uniko, alishinda kwa sekunde 47.82, binadamu wa kwanza kushuka chini ya 48. Mlezi hutoa muda, huuliza umelala saa ngapi, huthubutu kusema leo usikimbie. Anayetoa fedha akiwa pia ndiye anayetoa ruhusa, usafiri na chumba cha kulala, kijana hana pa kukimbilia siku mambo yakiharibika. Huko ni kumkabidhi fisi bucha, na kwa wasichana si mfano wa kuchekesha.

Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024. Tarehe 5 Septemba alifariki hospitalini Eldoret, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, Kenya. Mshukiwa alikuwa mpenzi wake wa zamani, na familia ilisema ugomvi wao ulihusu kiwanja alichonunua ili awe karibu na mahali pa mazoezi. Tangu hapo mafunzo yetu yana somo ambalo awali tulilipitia juujuu: akaunti ya benki kwa jina lake mwenyewe, hati ya ardhi kwa jina lake mwenyewe, na mtu wa tatu anayejua mapato yake. Msichana wa miaka 16 analielewa vizuri. Wanaolalamika ni wanaume wanaojiita mameneja.

Kwa walio chini ya miaka 18, kambi ya kuvuka mpaka haifai bila barua ya mzazi, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ajue nani kaondoka na nani. Kocha hakai na mtoto mmoja chumbani mlango umefungwa. Ukishuku jambo, nenda kwenye dawati la familia na watoto la polisi, au piga 116, simu ya bure ya watoto, ambayo inaitwa Sauti.

Jambo jingine la wasichana ni chakula. Anayekimbia mara mbili kwa siku kwa chai na kipande cha muhogo mwili wake hupunguza matumizi, na hedhi hukoma. Watu hukimbilia kushuku mimba. Mara nyingi ni njaa, na mifupa ndiyo hulipa baadaye. Ikikosekana miezi mitatu, mpeleke kwa daktari, na bajeti ya viatu igeuze kuwa maziwa, mayai na maharage.

Na usimharakishe kwenye mbio za barabarani kwa sababu ya zawadi. Jacob Kiplimo alikwenda Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na miaka 15, akakimbia mita 5,000. Marathoni yake ya kwanza ilikuwa London mwaka 2025, akawa wa pili. Miaka tisa! Wapo wafadhili wasioweza kungoja miezi tisa.

Kwa upande wa soka nitasema moja tu: kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Anayemwomba baba auze ng'ombe ili mtoto wa miaka 15 akafanyiwe majaribio Ulaya ni tapeli.

Yule mfanyabiashara wa Mbale sasa analipia watoto wawili. Mwaka huu alinipigia tena. Msichana ameacha kukimbia, anataka kusomea uuguzi, je, aendelee kumlipia? Nikamwomba afungue droo yake, atoe ile karatasi, anisomee kipengele cha mwisho. Akakisoma polepole, kisha akaniuliza muhula unafunguliwa lini.