Kwa nini programu huandika "Imetumwa" na barua pepe haijafika?

Chukua ofisi ya utalii pale Arusha. Kijana wa kompyuta kaandika programu fupi ya Python ya kuwatumia wageni ankara za safari ya Serengeti. Anaiendesha, kioo kinaandika "Imetumwa". Mgeni aliyeko Hamburg anasema hajaona kitu. Hapo wengi huanza kupekua msimbo mstari kwa mstari, na mara nyingi kosa halimo humo.

Kwanza, hilo neno "Imetumwa" kaliweka kijana mwenyewe. Seva ya kwanza (kompyuta inayopokea barua na kuzipitisha) ilichojibu ni namba 250: nimepokea. Aliyewahi kutuma mzigo kwa basi kutoka stendi ya Moshi anaijua stakabadhi ya namna hiyo. Inathibitisha kwamba boksi limepokelewa dirishani. Habari za kufika Dar hazimo. Karani huandika jina la mpokeaji juu ya boksi, na karatasi uliyoitia ndani haisomi, hata ukiwa umejiandika waziri.

SMTP, utaratibu wa kutuma barua pepe uliowekwa na mtaalamu wa kompyuta Jon Postel mwaka 1982, unakwenda hivyo hivyo. Programu hutaja MAIL FROM (mtumaji) na RCPT TO (mpokeaji): hayo ni maandishi ya juu ya boksi. Halafu inasema DATA na kumwaga barua yenyewe, pamoja na mistari yake ya From na To. Seva husafirisha kwa kufuata boksi, msomaji huonyeshwa karatasi, na hakuna kanuni ya SMTP inayodai vifanane. Ujanja wote wa Bcc, nakala ya siri, umekaa hapo: anwani ipo juu ya boksi, kwenye karatasi haipo. (Ukiunganisha maandishi kwa mkono na kuyapitisha kwenye amri ya Python `sendmail`, mstari wa Bcc husafiri nayo na siri imekwisha. Amri ya `send_message` huuondoa.)

Uhuru huo ulinoga kwa matapeli, ndipo zikaja kinga. SPF hutazama kama seva iliyotuma imeruhusiwa na kikoa (sehemu ya anwani inayofuata @) kilichotajwa juu ya boksi. DKIM hutia saini ya kikoa kwenye barua. DMARC hudai kikoa cha From kilingane na kikoa kilichothibitishwa na SPF au na DKIM. Tangu Februari 2024 Gmail humtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayewatumia watumiaji wa Gmail barua 5,000 au zaidi kwa siku awe na vyote vitatu. Kuvipita hakukuhakikishii kikasha kikuu; maudhui na sifa ya mtumaji navyo hupimwa.

Kwa hiyo msimbo wa kijana wetu unahitaji marekebisho madogo tu: mlango 587 na `starttls` (amri ya kusimba mawasiliano), nywila isiandikwe ndani ya faili la msimbo, barua ijengwe kwa `EmailMessage`, kifaa cha Python cha kuunda barua. Kazi kubwa iko kwenye rekodi za DNS (orodha ya taarifa za kikoa mtandaoni) za ofisi, ambako SPF, DKIM na DMARC hutangazwa. Na aangalie MAIL FROM aliyoweka, kwa sababu barua ikikataliwa njiani, taarifa hurudi huko. Akiwa ameandika anwani isiyo na kikasha, Hamburg ilishamjibu zamani, ila jibu halikuwa na pa kufikia.