Kwa nini wakimbiaji wa Kapchorwa hutoka alfajiri, na wa Entebbe hunyeshewa saa hiyohiyo?

Ukipita Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, jua halijachomoza bado utakuta vijana wako barabarani, wanakimbia kwa makundi. Huko ndiko alikotoka Stephen Kiprotich, aliyetwaa dhahabu ya marathoni London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, aliyevunja rekodi za dunia za mita 5,000 na mita 10,000 mwaka 2020, ndani ya miezi miwili. Watu husema ni nidhamu. Nidhamu ipo, lakini mlima nao una ratiba yake, na anayeishi chini yake huifuata.

Mwanga hauna maneno mengi. Ikweta inakatiza barabara ya Kampala–Masaka pale Kayabwe, kwa hiyo mchana wa Uganda huwa na urefu wa saa 12 na dakika chache, Januari hadi Desemba. Mkimbiaji wa London hupata chini ya saa 8 za mwanga mwezi Desemba na zaidi ya 16 mwezi Juni. Huyo lazima apange mazoezi upya kila msimu. Kampala jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, basi. Cha kuangalia ni jioni: karibu na ikweta jua huzama likishuka wima, na baada ya kama dakika ishirini giza limeshaingia. Anayeanza kupanda kilima jua likizama kwa kuona bado kuna mwanga, atashuka akipapasa.

Mwanga ukiwa haubadiliki, kinachoamua ni mawingu, na hapo ndipo Uganda inapopendeza, kwa sababu mawingu ya mlimani na ya ziwani hayafuati saa moja.

Mlimani, usiku miteremko hupoa na hewa baridi huteremka kuelekea mabondeni. Ndiyo maana alfajiri mara nyingi anga huwa safi. Jua likishapiga miteremko, hewa hupata joto na kupanda na unyevu wake; kadiri inavyopanda inapoa, na ule unyevu unageuka wingu. Katika miezi ya mvua, adhuhuri kilele hakionekani tena, na alasiri mvua inamwagika. Njia za udongo zikilowa huteleza kama sabuni, na hapo mkimbiaji huchunga kifundo cha mguu kuliko mwendo wake. Aliyetoka alfajiri wakati huo yuko nyumbani anakunywa chai.

Sasa shuka hadi Entebbe, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Ziwa hilo lina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na maji hayapotezi joto upesi kama ardhi. Usiku nchi kavu hupoa, ziwa linabaki na uvuguvugu, hivyo upepo huvuma kutoka pwani zote kwenda majini. Pepo hizo zikikutana huko hazina pa kwenda ila juu, na radi huanza. Kwa kuwa upepo mkuu wa eneo hili hutoka mashariki, dhoruba nyingi husukumwa upande wa Uganda na kufika visiwa vya Kalangala au Entebbe karibu na mapambazuko. Mchana mambo hugeuka: upepo hutoka ziwani kwenda bara, ufukweni anga hutakata, na mvua ikaangukia vilima vya ndani. Kwa hiyo kumshauri mtu wa Entebbe akimbie alfajiri kwa sababu mabingwa wa Kapchorwa hufanya hivyo ni ushauri nusu. Yeye atazame ziwa kwanza.

Halafu kuna joto. Kapchorwa iko juu ya Kampala kwa takriban mita 700, na hewa hupoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo tofauti ni nyuzi nne hivi. Kwa anayekimbia saa nzima, hiyo si kidogo. Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka, na hewa yenye unyevu mwingi ya ufukweni hulichelewesha: unalowa chapachapa bila kupoa.

Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi, ni kinyume kabisa. Moroto au Kidepo, kiangazi cha Desemba hadi Februari, hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka likitoka tu. Shati linabaki kavu, mtu anajiona hajachoka, kumbe maji yanamwisha. Huko utando wa chumvi unaobaki kwenye paji la uso ndio unaomwambia alichopoteza.