Asidi dhaifu haimaanishi asidi salama

Kuna ushauri wa usafi unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: changanya siki na jiki, sugulia vigae vya bafuni, wala usiwe na wasiwasi, maana siki ni asidi dhaifu. Hilo la mwisho ni kweli kabisa, siki ni asidi dhaifu. Lakini udhaifu unaotajwa na wanakemia hauhusiani na wasiwasi wa mtu.

Maana yenyewe ni fupi. Asidi ikiingia kwenye maji huachia ioni za haidrojeni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Inayoachia karibu zote, kama hidrokloriki au nitriki, huitwa kali. Inayoachia chache tu huku molekuli nyingi zikibaki nzima, kama asetiki ya kwenye siki au sitriki ya kwenye ndimu, huitwa dhaifu. Basi, hakuna zaidi.

Kinachonikera ni jinsi mambo matatu yanavyotiwa kwenye chungu kimoja: ukali, ukolevu na madhara. Ukolevu ni kiasi cha asidi kilichomo kwenye maji, na ukizimua unapungua. Ukali ni tabia ya asidi yenyewe. Hidrokloriki ni asidi kali ikiwa imekolea kwenye chupa ya maabara, na ni asidi kali ikiwa tone moja ndani ya pipa la maji. Tena ndiyo iliyomo tumboni mwako sasa hivi. Asetiki nayo, ikiwa asilimia 4 au 5 tunaimwagia kwenye kachumbari. Ikiwa asilimia 99 inababua ngozi na mvuke wake unashika moto. Kitabuni bado imeandikwa dhaifu.

Anayebisha namtajia hidrofloriki. Hii nayo ni asidi dhaifu, ila inakula kioo, ndiyo maana huhifadhiwa kwenye chupa za plastiki. Ikiwa imezimuliwa na ikakugusa, unaweza kukaa saa kadhaa bila kusikia maumivu yoyote, kumbe inapenya ndani na kunasa kalisiamu ya mwili. Kalisiamu ikishuka mno kwenye damu, moyo unaweza kusimama. Wanaofanya nayo kazi huweka karibu jeli ya kalisiamu glukoneti, dawa ambayo hakuna anayeihitaji kwa kumwagikiwa siki ya mezani.

Sasa kuchanganya. Watu huuliza, "Je, kali na dhaifu zinaweza kuchanganywa?" kana kwamba ni ugomvi wa mkubwa na mdogo. Tia hidrokloriki iliyozimuliwa kwenye siki uone: hakuna cha kusimulia. Ioni tele za ile kali zinaifanya asetiki iachie chache hata kuliko zile chache za mwanzo. Lakini chukua kali kwa kali, hidrokloriki sehemu tatu na nitriki sehemu moja, zote zikiwa zimekolea, upate kimiminika kinachoyeyusha dhahabu na kutoa moshi wa sumu. Majina ya kali na dhaifu hayakukuonya lolote. La kuuliza ni kitu gani kimo kwenye ndoo ya pili.

Kwenye jiki kimo sodiamu haipokloriti, na hiyo haichagui asidi. Dawa ya choo yenye hidrokloriki itaitoa klorini kwa kasi, lakini siki nayo inatosha. Klorini ndiyo gesi ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia kama silaha kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Bafu dogo lisilo na dirisha halihitaji nyingi.

Wanaochenjua dhahabu kwa sianidi, kama kule Geita na Chunya, wanalijua somo hili kwa njia nyingine. Matenki yao hutiwa chokaa ili pH, kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi, ibaki juu, kwenye 10 au zaidi. Ikishuka, sianidi iliyotulia majini inageuka haidrojeni sianidi na kupaa kama gesi. Hiyo nayo ni asidi, na kwa kipimo cha kuachia ioni ni dhaifu kuliko ya siki mara zaidi ya elfu 20. Inaua kwa dakika chache. Tena udhaifu wake ndio unaoifanya itoke kirahisi: inaishikilia haidrojeni yake kwa nguvu, hivyo asidi yoyote iliyoizidi inaifukuza kutoka kwenye chumvi yake, yaani ile sianidi ya tenkini. Kwa hiyo pipa la hidrokloriki la kuoshea kaboni inayonasa dhahabu haliwekwi jirani na pipa la sianidi.

Basi anayekwambia siki ni asidi dhaifu mkubalie, kisha mwombe asiitie jiki. Siki isugue madoa ya chumvi ya maji leo, vigae visuuzwe kwa maji mengi. Jiki ije siku nyingine, mlango ukiwa wazi.