Japani imewahi kutawaliwa na wanawake

Ujumbe unaozunguka miaka nenda rudi kwenye magrupu unadai kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kukalia kiti cha enzi cha Japani. Si kweli.

Tangu mwishoni mwa karne ya 6 hadi mwaka 770, wanawake sita walitawala, na wawili kati yao walirudi kitini mara ya pili. Wengine wawili walitawala katika karne ya 17 na ya 18. Anayenivutia zaidi ni mmoja wa wale sita, Genmei: mwaka 710 alihamishia makao makuu Nara, na mwaka 715 akang'atuka na kumwachia kiti binti yake.

Mkanganyiko unatokana na sheria ya mwaka 1889, iliyowafungia wanawake mlango wa urithi. Ile ya 1947 ikaendeleza hivyo hivyo. Watu huichukua sheria hiyo ya juzi na kuibandika kwenye historia nzima. Kweli, wote wanane walikuwa wa ukoo wa kifalme kwa upande wa baba.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Fungua ensaiklopidia yoyote nzuri, uangalie nani alikuwa kitini mwaka 600, kisha mwaka 720.