Paka aliyeshiba bado anawinda

Wafugaji wengi wa paka husema: "Mlishe ashibe, halafu mwachie atembee, hatadhuru kitu." Si kweli. Kwa paka, njaa na hamu ya kuwinda ni mambo mawili tofauti. Mtazame akila dagaa wake. Shomoro akitua uani, masikio yanageuka, tumbo linashuka karibu na ardhi, ncha ya mkia inatikisika, sahani imeshasahauliwa. Na mara nyingi akishaua hali, anakuletea mzoga mlangoni.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa paka nchini Marekani huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka. Wengi huuawa na paka wasio na mwenyewe, lakini wa majumbani nao wamo.

Kwetu hoja kubwa ya kumwachia paka atembee ni kwamba akamate panya, na naielewa. Ila panya anayekamatwa kwa jirani huenda ameshakula sumu, na paka akimla, sumu ile humfuata naye. Inaniuma sana kuona paka mzima wa afya akifa hivyo, tena mwenye paka akidhani ni uchawi.

Mfungie ndani angalau usiku. Kisha cheza naye: funga unyoya kwenye kamba, uukokote sakafuni aurukie. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliona mwaka 2021 kuwa mchezo wa dakika 5 hadi 10 kila siku ulipunguza mawindo yanayoletwa nyumbani kwa asilimia 25.