Kujiamini kwa Mwanafunzi Huanzia Kwenye Daftari

Mzazi anapoitwa shuleni kwa sababu ya alama mbovu za Hisabati, aghalabu huelezwa kwamba mtoto wake hajiamini, kana kwamba kujiamini ni tabia moja ambayo mtu ama anayo ama hana. Katika saikolojia ya elimu, hasa tangu Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alipochapisha nadharia yake mwaka 1977, kinachotazamwa ni imani ya mtu kwamba ataiweza kazi fulani mahususi. Ndiyo maana mwanafunzi anayeghani shairi kifua mbele huweza kujikunyata mara tu mwalimu anapoandika hesabu za sehemu ubaoni.

Anayeamini kuwa ataweza hulirudia swali lililomshinda, huuliza, hujaribu njia nyingine. Asiyeamini hunakili jibu la jirani na kufunga daftari. Matokeo nayo huijenga au huibomoa imani hiyo.

Mwaka 1981 Bandura na Dale Schunk waliwapa kurasa 42 za mazoezi, kwa vipindi 7, watoto waliokuwa dhaifu katika hesabu za kutoa. Kundi moja lilipendekezewa lengo la kurasa 6 kila kipindi, na jingine lengo la kuzimaliza zote kufikia kipindi cha mwisho. Kazi ilikuwa ile ile, lakini wenye lengo la karibu walitoka na imani kubwa zaidi na ujuzi zaidi.

Nchini Tanzania, imani hii hutikiswa sana Kidato cha Kwanza, ambapo wengi waliosoma kwa Kiswahili huanza kufundishwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa akinyoosha mkono kila mara Darasa la Saba hukaa kimya, si kwa kuwa amesahau usanisinuru ni nini, bali kwa kukosa sentensi ya kuueleza. Akichekwa mara mbili, huanza kujihesabu miongoni mwa wasio na kichwa cha sayansi. Hapo kumwambia tu "unaweza" hakusaidii sana (watoto huzing'amua mapema sifa za bure). Mwalimu anayempa maneno matano ya somo la kesho, kisha akamwita kujibu swali linaloyahitaji, amempa ushahidi. Vivyo hivyo kwenye daftari: 4/20 ya wino mwekundu haisemi kosa liko wapi, ilhali "hapa hukukopa kumi" humwonyesha kwamba hatua nyingine zote alizipata.